Polepole Alikaza

Gereji ya Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro,
S.L.P. 318,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kukusumbua, na ile dawa ya kuchua uliyoisifia sana haikuwa uongo mtupu. Huku tu wazima. Mke wangu anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili, anatung'ata sote bila upendeleo.

Najua mwanao Polepole amekwisha kufika kwako, na uso wake umeuona. Kabla hujautafuta mchi uliomkimbiza nao yule mkaguzi wa umeme, nakuomba ukae chini usome mpaka mwisho. Kisha umsomee na yeye. Simu yake iliungua, na wewe simu huipokei hata ikilia kutwa, kwa hiyo imebaki barua.

Meno yake mawili ya mbele niliyang'oa mimi. Bega nililivunja mimi. Hakuteleza wala hakuanguka, hata akikuapia, maana atasema hivyo ili kunisitiri.

Unalikumbuka gari letu dogo la mashindano, lile lililokufanya uzibe masikio. Mwezi uliopita tulilifungia pampu kubwa ya mafuta. Pampu ya namna hiyo husukuma mafuta mengi kuliko injini inavyoweza kunywa, na yanayobaki ni lazima yapate njia ya kurudi kwenye tangi. Njia hiyo aliitengeneza Polepole. Siku tatu alilala chali chini ya gari akipinda bomba la alumini, akalipitisha chini ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma, akaliunga kwa mpira kila upande na kukaza klipu. Nilimtania kwamba bomba lile analibembeleza kuliko alivyowahi kumbembeleza mkewe.

Jumamosi, mzunguko wa pili wa mashindano, mpira wa mbele ukaachia na mafuta yakarukia ekzosi ya moto. Boneti ilifumuka. Moto ukaingia ndani mpaka miguuni pa Polepole aliyekuwa usukani, naye akatokea dirishani huku mkono wa shati unawaka. Nilimrukia, nikambingirisha vumbini, nikamzima kwa koti langu na kwa viganja vyangu. Ndiyo sababu mwandiko huu umepinda.

Alipokaa kitako akakohoa, nikaona yu hai, ndipo nikaanza kumpiga.

Sijui nikuelezeje. Hofu ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na ilipotoka ilitokea mikononi. Nilimpiga ngumi ya mdomo, akaenda chini. Nikamwinua kwa ukosi nikamwongezea nyingine. Aliposhika gurudumu akitaka kusimama, nikaokota mpini wa jeki nikamshushia begani, na mfupa nikausikia ulivyolia. Watu wanne walinivuta, mmoja wao nikamng'ata sikio. Muda wote huo nilikuwa nikifoka kwamba hakukaza klipu, kwamba nusura ajiue kwa uzembe wake.

Yeye hakuninyanyulia hata kidole. Unazijua nguvu za mwanao. Angetaka angenikunja kama gazeti. Alisema tu, “Nilikaza, ndugu yangu. Mbona nilikaza.” Baadaye, daktari alipomaliza kumshona mdomo, Polepole akanigeukia. Akasema, “Au labda sikukaza.”

Hayo maneno yananitafuna kuliko bega lake. Bega litaunga.

Shangazi, klipu ilikuwa imekazwa. Nililala chini ya gari lililoungua nikaikuta imeukamata mpira sawasawa. Mpira wenyewe ndio uliopasuka mbele ya klipu. Nikalifuata bomba kwa tochi mpaka katikati ya sakafu, na hapo nikalikuta limebanwa likawa bapa, na alama ya kichwa cha jeki iko juu yake waziwazi. Asubuhi ya mashindano tairi lilipata pancha, na mimi kwa pupa yangu nikasukuma jeki chini ya gari bila kuchungulia. Mafuta yalikosa pa kurudia, pampu ikaendelea kusukuma, mpira ukashindwa. Niliipiga jeki ile kwa nyundo mpaka mpini wa nyundo ukakatika. Nikageukia taa za gari zilizonusurika, nazo nikazivunja, mpaka mlinzi wa kiwanda akaja mbio akidhani tumevamiwa.

Kile kipande cha bomba nimekikata. Dereva wa basi atakupa pamoja na barua hii, kimefungwa kwenye kitambaa. Mpe mwanao mkononi. Ni fundi, hahitaji kuelezwa.

Ameniambia hatashika tena spana maishani mwake, kwamba mkono wake unaua. Mkono huohuo ndio ulionifundisha kazi. Akiendelea kuamini hivyo nitakuwa nimemmaliza kweli, na safari hii bila kumgusa. Usimwache aamini hivyo hata kwa usiku mmoja.

Nimeandika yote haya kama mtu mwema, lakini bado sijakwambia baya kuliko yote. Bomba lile nililiona Jumapili asubuhi. Polepole aliondoka jana, Jumatatu. Kutwa nzima ya Jumapili alikuwa chumba cha pili nyumbani kwangu, ukuta mmoja tu kati yetu, na mimi nilikuwa ninajua. Nilimwona akifunga begi kwa mkono mmoja, nikamfungia zipu. Nikambebea begi mpaka stendi. Mlangoni pa basi aliniomba msamaha kwa kutuunguzia gari, na mimi nikamwambia nimemsamehe.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la kwanza. Mwambie mkono mmoja mzima unamtosha, na mimi sitajikinga. Nisalimie Mjomba, dada mshonaji na wanawe, na Bibi, ila yeye msimwambie mpaka nifike. Mungu akupe nafuu ya goti na umri mrefu, hata kama nyumbani kwako sitakaribishwa tena.

Wako nikupendaye, na nisiye na uso wa kukutazama,

Kifaru, mtoto wa kaka yako