Nafasi ya Pumzi

Tarehe 2 Februari

Kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu na za cherehani, maana siku hizi ndiyo ninayoongea nayo kutwa. Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inayolalamika jioni. Baba pacha hajambo? Na pacha wenyewe, bado wanalala kwa zamu ili wewe usilale?

Naandika kwa sababu mambo ya nyumbani kwenye simu yanafika nusu, na chumba changu cha kushonea kina masikio ya wateja. Mdogo wako, kitinda mimba, anaoa mwishoni mwa Agosti. Ndiyo, yule yule aliyekuwa akila chaki. Binti anafundisha chekechea. Nilimpenda siku ile ya kwanza, alipoinama akaokota pini zangu sakafuni bila kuambiwa.

Nguo zote nashona mimi. Kitambaa chako nimeshanunua, kijani kilichokolea, kizito kidogo, kinaanguka vizuri. Nitumie vipimo vyako: kifua, kiuno, nyonga na urefu. Usibane pumzi. Wateja wangu wote wanabana pumzi wakipimwa, nami huongeza vidole viwili kimya kimya. Naiita nafasi ya pumzi. Lakini kwa mwanangu sitaki kubahatisha.

Mama yako


Tarehe 21 Februari

Mama yangu, shikamoo.

Sisi wazima. Pacha wameanza kutembea, kila mmoja na upande wake, na mimi mikono ni miwili tu. Baba yao anakusalimu. Miguu yako uiweke juu ya kigoda unapopumzika, usiseme utafanya halafu usifanye.

Habari ya harusi nimeipokea kwa furaha. Vipimo sijatuma, na sitazunguka mbuyu. Huenda nisije, Mama.

Tumbo langu halijarudi. La juu limepungua, la chini limebaki pale pale, limelegea kama mfuko uliotolewa vitu. Mwezi uliopita msimamizi wetu pale kwenye chumba cha kufulia cha hoteli alinikuta nainua mashuka yaliyoloa. Akanishika bega akasema, “Na hali yako hiyo unabeba mzigo?” Akanihamishia kwenye meza ya kukunja vitambaa. Wenzangu wakanipongeza. Mama, nilinyamaza. Mgongo ulikuwa unaniuma, na ile meza ina kiti. Sasa kila asubuhi ananiuliza mgeni anaendeleaje. Mgeni hayupo, na miezi inakwenda, itafika mahali wataanza kumngoja.

Pacha wakilala tu, najilaza chini nakunja kiwiliwili juu na chini mpaka jasho linanitoka. Nikijiinua, tumbo linachongoka katikati kama mgongo wa samaki. Baba pacha akiingia chumbani nazima taa. Nikiwafikiria shangazi zangu na majirani zako, wote wakinipima kwa macho, wananiuliza nina miezi mingapi, natamani nitume zawadi nibaki huku.

Usikasirike.

Mwanao


Tarehe 10 Machi

Mwanangu, marahaba.

Sisi tupo, tunakula na kulala. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, maana mimba ya kupewa na msimamizi sijawahi kuisikia. Ya pili nilikaa chini.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Wewe umeshazaa, tena wawili kwa mpigo. Sasa unaficha nini?

Ndani ya bahasha hii utakuta mkanda. Ni ule ule ninaowashonea wazazi wote wa mtaa huu, turubai nyepesi kwa nje, pamba kwa ndani, vishikizo vya chuma mstari mmoja. Ufunge asubuhi kabla hujatoka kitandani, ukaze mpaka usikie umesimama wima. Mimi naufunga tangu nilipomzaa kitinda mimba, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za miezi. Wanawake wanatoka mitaa ya mbali kuufuata.

Huyo msimamizi mwambie ukweli. Ameonyesha utu, usimfanye mjinga.

Na harusini utakuja. Baba yenu hayupo tena, na mdogo wako ameniambia anataka wewe ndiye usimame upande wake. Hakumtaja mjomba wala ami, amekutaja wewe. Vipimo, mama.

Mama yako


Tarehe 18 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo, ila pacha mmoja amejifunza kufungua bomba.

Mkanda umefika na nimeufunga. Kweli nilisimama wima. Wiki ya pili nikaanza kusikia uzito huku chini, nikicheka nikipiga chafya nakimbilia chooni. Sikujua kama ni mkanda au ni mimi.

Basi nikamwendea msimamizi. Nilimwambia sina mimba, sijawahi kuwa nayo tangu pacha, nilinyamaza kwa sababu ya kile kiti. Nikajua kazi imekwisha. Kisha akasema, “Mimi nami baada ya kuzaa waliniachia kiti kwenye foleni ya benki, nikakaa.” Tulicheka mpaka akafuta machozi. Ndiye aliyenipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemsaidia yeye.

Mama, yule mtaalamu hakunitazama umbo. Alinilaza chali, magoti juu, akaniambia niinue kichwa kidogo tu, akaweka vidole juu ya kitovu changu. Vidole vikazama. Misuli ya mbele imeachana katikati, ndiyo maana mgongo unauma na ndiyo maana tumbo linachongoka. Yale mazoezi yangu ya kujikunja yalikuwa yanazidi kuisukuma. Sasa nafanya madogo ambayo ukiniona utadhani nimelala: natoa pumzi taratibu, navuta tumbo la chini kwa ndani kama navaa suruali inayobana, natelezesha kisigino kimoja mbele, narudisha. Nikiinua mtoto au mashuka, natoa pumzi kwanza. Amesema itachukua miezi, na kwamba ngozi iliyovutika na pacha inaweza isirudi kama ya msichana. Nililia kidogo hapo.

Sasa lililo gumu. Nilimwonyesha mkanda wako. Alisifu mshono. Akasema unaweza kumshikilia mtu siku za mwanzo, lakini haujengi misuli, na ukikazwa sana unasukuma kila kitu chini. Nimeuvua. Si dharau, Mama. Na wewe hebu jilaze siku moja ujipime, maana umeufunga muda mrefu.

Mwanao


Tarehe 24 Mei

Mama, shikamoo.

Hujambo? Umenyamaza. Nikipiga simu unasema una mteja, na najua Jumapili huna mteja. Kama nimekuudhi, nigombeze tu, nimezoea. Ukimya wako sijauzoea.

Mwanao


Tarehe 3 Juni

Kifungua mimba, marahaba.

Sisi hatujambo. Naandika hivyo kwa mazoea.

Nilikasirika, na sitakuficha. Nilisema moyoni, mtoto niliyemfunga nepi leo ananifundisha tumbo. Siku ile ile alikuja mteja kuchukua mkanda wake. Nikamwambia bado haujakamilika, nao ulikuwa umening'inia nyuma yangu mwisho kabisa wa kamba. Nilishindwa kumpa. Hapo nikakasirika zaidi.

Jumapili mchana nilifunga mlango, nikapanda juu ya meza ya kukatia nguo, nikajilaza kama ulivyoeleza. Nikafungua mkanda, nikainua kichwa. Vidole vyangu havikuzama, mwanangu. Vilisukumwa.

Kuna kitu hapo juu ya kitovu, ukubwa wa limau. Nakijua. Kilianza kama punje ya haragwe nilipomzaa kitinda mimba. Nikikohoa kinatoka, nikilala kinarudi. Mkanda nilijishonea ili kukizuia, habari ya umbo haikuwemo. Watu wakaona kiuno kimenyooka, wakataka na wao. Biashara yangu ilianzia hapo, na hata baba yenu alikwenda kaburini akidhani mke wake anapenda kupendeza.

Siku hizi kikitoka kinachelewa kurudi. Nitakwenda kuonyesha baada ya harusi. Sasa hivi nina nguo kumi na moja mezani na hakuna wa kuzishona. Mdogo wako asijue.

Mama yako


Tarehe 11 Juni

Mama yangu, shikamoo.

Leo sikuulizi kama hujambo, maana utanijibu kwa mazoea.

Nitakupigia simu jioni hii hii. Lakini najua utasema “mimi mzima” kisha uniulize watoto wamekula nini, kwa hiyo naandika pia, ili uwe na karatasi ambayo huwezi kuikata.

Nimemuuliza mtaalamu. Hiyo ni ngiri ya kitovu, na kwa mkono wa daktari ni kazi ya kawaida. Lakini siku ikikataa kurudi ndani, ikawa ngumu, ikauma na kukutapisha, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo. Usiikaze, usiilalie, usingoje kupambazuka.

Uliniambia mficha uchi hazai. Ile methali ina ndugu yake, nawe unamjua: mficha maradhi, kifo humuumbua. Harusi inaweza kukosa gauni, Mama. Watu watavaa walizonazo. Kukukosa wewe haiwezi, na mimi siwezi.

Tufanye mapatano. Wewe nenda ukatibiwe, mimi nitakuja kusimama na mdogo wangu, na tumbo langu mbele. Vipimo nitakutumia siku nitakayopokea barua uliyoiandika kutoka kitandani.

Mwanao


Tarehe 9 Julai

Mwanangu mpenzi, marahaba.

Naandika barua hii juu ya mto wa wodi, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Mdogo wako alikupigia, najua, lakini mengine hakuyajua.

Nilikuwa sijakutii. Ukweli ndio huo. Nilikuwa nimeiweka barua yako chini ya mkasi na kusema wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika nikasema hivyo hivyo. Siku ile nilikuwa nakata koti la bwana harusi. Nikainama kufuata mstari, kikatoka, na nikisukuma hakiendi. Kikawa kigumu kama jiwe. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda nyuma, kwenye vishikizo. Miaka yote hiyo, kikitoka nakaza. Kisha nikatapika, na nikaikumbuka ile karatasi.

Nikafungua mkanda badala ya kuukaza, nikamwita mkwe wangu mtarajiwa. Alinifikisha hospitali akiwa amevaa aproni ya chekechea. Daktari alinipasua siku hiyo hiyo, akasema utumbo ulikuwa umeanza kubanwa, na kwamba ningelala nacho hadi asubuhi asingejua aniambie nini. Umeniokoa, mwanangu. Nilikuzaa mimi, na wewe umenirudisha.

Sitakiwi kubeba wala kukanyaga cherehani kwa sasa. Bi harusi anakuja jioni kukaa karibu yangu anionyeshe alichoshona. Mishono yake inakwenda kama mlevi anayerudi nyumbani, lakini inafika. Wauguzi wananiuliza kwa nini ninawapima mabega kwa macho.

Mimi nimetimiza langu.

Mama yako


Tarehe 18 Julai

Mama yangu, shikamoo, na pole, na asante.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama chumba cha kufulia. Msimamizi alinivutia kile kiti.

Tunafika wiki moja kabla ya harusi, wote wanne. Mgongo umetulia. Vidole bado vinazama, ila kidogo kuliko mwanzo. Tumbo la chini bado lipo. Nalifanyia mazoezi kila siku, lakini siligombezi tena.

Kifua tisini na nane. Kiuno tisini na nne. Nyonga mia moja na nane. Urefu unaujua. Sikubana pumzi. Baba pacha ndiye aliyeshika utepe, taa ikiwa inawaka.

Mwanao


Tarehe 5 Agosti

Kifungua mimba wangu, marahaba tena marahaba.

Nimerudi nyumbani, nakula, natembea hadi mlangoni na kurudi. Kidonda kimekauka vizuri.

Gauni lako limekwisha. Mkwe alishona, mimi nilikata nikiwa nimekaa. Nafasi ya pumzi nimekuwekea, ingawa safari hii mtu amenipa kipimo cha kweli. Mkanda wangu nimeufumua. Turubai imekuwa kishikio cha pasi, na vile vishikizo vya chuma vilikuwa bado vizima, kwa hiyo nimevishona kwa mkono mgongoni mwa gauni lako. Sasa vitafanya kazi ya kufunga nguo tu.

Wateja wa mikanda nawaambia ukweli, kisha nawaonyesha lile zoezi la kisigino juu ya meza ya kukatia. Wengine wananuna. Mmoja alisinzia.

Langu mkwe amelishona la rangi moja na lako. Nimelijaribu bila mkanda ndani, mara ya kwanza tangu mdogo wako azaliwe. Tumbo linanitangulia kidogo mlangoni. Nililitazama kwenye kioo, nikaliacha litangulie.

Kwa hiyo njoo usimame na mdogo wako, usijifunike na mtandio wala mtoto. Na shangazi zako wakikuuliza una miezi mingapi, usijibu kitu, walete kwangu. Nitawaambia waniulize mimi kwanza, maana hili langu lina miaka ishirini na saba, na aliyekuwa ndani yake ndiye yule pale mbele aliyevaa suti.

Mama yenu