Mkaguzi Aliyeulizwa Habari za Nyumbani

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Nimefika salama huku nchi ya watu na kazi nimeshaanza. Chumba changu kiko juu ya karakana ya fundi baiskeli. Asubuhi naamshwa na nyundo yake, sihitaji saa. Dirisha linatazama ukuta, lakini angalau ni ukuta msafi. Shuleni nakwenda kwa miguu. Nimepewa darasa la nne, watoto wa miaka tisa, kumi hivi, niwafundishe Kiingereza.

Shangazi, hawa watoto wameniweza. Kitabu wamekikariri chote. Ukiwapa mtihani wa kuandika wanapata vizuri mpaka kalamu nyekundu inakosa kazi. Lakini waambie wafungue kinywa waseme jambo lao wenyewe kwa Kiingereza, wananyamaza kama maji mtungini. Wanatazama madawati. Nimeimba, nimechora, nimeruka kama chura mbele ya watoto wa watu, hakuna aliyesema hata neno.

Na mkataba wangu ni wa majaribio. Mwisho wa muhula anakuja mkaguzi kuwasikiliza. Wakiongea, nabaki. Wasipoongea, nafunga virago. Mwalimu mkuu ameniambia hivyo huku akitabasamu. Yeye hutabasamu hata akikemea.

Niombee.

Mwanao


22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, nimeibusu, kisha imenikasirisha.

Hivi ndivyo nilivyokulea? "Natumaini hujambo," basi, mbio kwenye mambo yako! Mtu angedhani unaiandikia idara ya maji. Goti langu hujaliuliza. Cherehani hujaiuliza, na ndiyo iliyokusomesha. Mke wa fundi saa hapa jirani amejifungua mapacha, wala hujui, kwa sababu hujauliza. Mtu anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa, wanaulizana hali wao na watu wao wote, ndipo anatoa shida yake. Wewe umeingilia dirishani.

Haya. Goti linauma asubuhi, likipata joto linatulia. Cherehani nzima. Nashona sare za shule mpaka ndotoni naona kola. Mapacha wanalia kwa zamu, na baba yao, fundi saa mzima, hajui tena kama ni asubuhi au jioni.

Kuhusu wanafunzi wako, mimi ningewakazia uso. Wewe unacheka sana, tangu zamani. Mtoto akimwona mwalimu anaruka kama chura aongee ya nini? Anatazama sinema ya bure.

Nakuombea kila siku.

Shangazi yako, anayekupenda ijapokuwa huna adabu


19 Machi

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, tena shikamoo. Goti linaendeleaje? Umelikanda? Kola zimepungua? Mapacha bado wanapokezana, au sasa wanalia pamoja? Mama yao anapata usingizi? Na fundi saa, ameshajua ni saa ngapi? Nangoja hapa mlangoni mpaka unijibu.

Umenikaribisha? Ahsante, nakaa.

Barua yako niliisoma chumba cha walimu, nikacheka peke yangu mpaka wakanitazama. Kesho yake nikaingia darasani bila kufungua kitabu. Nikamwuliza msichana mmoja wa mbele, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ameamkaje. Mimi namwita Bibi Miwani. Akajibu kama kitabu kinavyotaka, mzima, ahsante, akaketi. Nikamwambia bado, kwetu salamu haziishi upesi hivyo. Nyumbani wameamkaje? Wazima. Na bibi yako?

Akawatazama wenzake. Kisha akasema kwa Kiingereza, neno mojamoja: "Bibi yangu si mzima. Anasahau jina langu."

Shangazi, hayo hayamo kitabuni! Darasa zima liligeuka. Mvulana mmoja wa nyuma akamwuliza, kwa Kiingereza kibovu kitamu, "Sasa anakuita nani?" Akajibu, "Ananiita kwa jina la mama." Nikageukia ubao nikajifanya nafuta, maana machozi yalikuwa yananilenga.

Tangu siku hiyo hawanyamazi. Tunasalimiana nusu ya kipindi, na mwenye jambo nyumbani analisema. Nimejua nani amepata mdogo wake, nani baba yake amehama. Wakikosea wanasahihishana wenyewe, wanagombana kwa Kiingereza, mimi nasimama pale nimetoa macho kwa furaha.

Lakini sasa nimejitia matatani. Salamu zimetoka nje ya darasa. Wamemwuliza mlinzi wa getini kama mke wake amesharudi. Wamemwuliza mwalimu wa taaluma, mama mmoja mkali ambaye viatu vyake unavisikia kabla hujamwona, kwa nini anaishi peke yake na kama hajisikii mpweke. Huku watu hawaulizani hivyo. Ya nyumbani hubaki nyumbani. Mzazi mmoja amelalamika kwamba nafundisha watoto umbea. Mwalimu wa taaluma ameniita: niache salamu hizo nirudi kitabuni, la sivyo atamwambia mkaguzi.

Nikiacha watanyamaza tena. Nisipoacha wananifukuza. Nifanyeje?

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sote hatujambo, na goti ni vilevile. Leo sitanii.

Acha. Rudi kitabuni. Hiyo ni nchi ya watu na ina wenyewe. Mkubwa wako wa kazi akikuambia acha, unaitikia, unaacha. Wazo lako ni zuri, sikatai, lakini halitakulipia chumba. Saini mkataba kwanza, mengine utayasema baadaye ukiwa umekaa vizuri.

Barua ni fupi kwa sababu naogopa.

Shangazi yako


28 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Goti? Cherehani? Mapacha wameanza kukaa? Nisamehe kimya changu, sikuwa na la kuandika ambalo lisingekuumiza.

Nilikutii. Nilirudi kitabuni, na watoto wakarudi kunyamaza. Walikuwa wananitazama kama nimewakosea na hawajui wamenifanyia nini. Nilikuwa nakwenda shule kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Jumatatu mkaguzi akaja. Mzee mrefu, koti limekunjamana, macho mekundu. Akaketi nyuma karibu na dirisha, mwalimu wa taaluma pembeni yake. Nikafungua kitabu, somo la sokoni. Nikauliza swali. Kimya. Nikauliza jingine. Kimya. Mkaguzi akaandika kitu, nikajua kwangu kumekwisha.

Ndipo Bibi Miwani akasimama bila kuitwa, akageuka nyuma, akamwambia kwa Kiingereza, "Habari za asubuhi. Wewe ni mgeni wetu na hatujakusalimia. Nyumbani hawajambo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi akasema hawajambo, ahsante, akarudi kuandika.

"Wote?" akauliza Bibi Miwani.

Mzee akaweka kalamu chini. "Hapana," akasema. "Mama yangu yuko hospitali."

Basi, wakamwangukia! Anaumwa nini? Anakula? Nani anamletea chakula? Anakufahamu ukiingia? Wewe mwenyewe umelala? Akawajibu mmoja mmoja, na alipokwama neno walimpa. Mwalimu wa taaluma alitaka kuwanyamazisha, mkaguzi akainua mkono kumzuia. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka.

Akaondoka bila kuniambia kitu. Majibu bado. Sijui kama nimepona au nimezikwa. Lakini hata wakinirudisha, nimewasikia wakiongea, na nashukuru sana kwamba nilikuwapo.

Mwanao


17 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua barua iliyopita huenda hujaipata bado, lakini siwezi kungoja. Wote hamjambo? Niitikie haraka.

Mkaguzi amerudi. Hakupitia ofisini, alikuja moja kwa moja darasani kwetu, akasimama mbele, kofia mkononi. Akawaambia watoto kwa Kiingereza, "Mliniuliza habari za mama yangu. Nimekuja kuwajibu. Amefariki Alhamisi."

Akaendelea. Kwamba siku ile alitoka kwetu akaenda hospitali, akamwambia mama yake kuna darasa zima limeulizia hali yake. Mama alicheka, ingawa kucheka kulimwumiza. Akataka kujua waliuliza nini na nini, akasimuliwa yote. "Akaniambia nisiache kuwajibu," mzee akasema, akiizungusha kofia mkononi.

Bibi Miwani akasogea kwenye benchi, akapigapiga benchi kumwonyesha mahali pa kukaa. Akakaa, magoti yakagusa dawati. Wakampa pole mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa maneno yake. Mimi sikufundisha lolote.

Jioni mwalimu mkuu aliniletea mkataba wa miaka mitatu. Mkaguzi ameandika kwamba darasa langu ndilo linaloongea kuliko yote aliyoyakagua mwaka huu, na salamu zisiguswe. Na leo asubuhi mwalimu wa taaluma amenisimamisha ukumbini, akakohoa, akaniuliza kama kwetu wote hawajambo. Nimemsimulia goti lako lote.

Sina la kukulipa, Shangazi.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, marahaba nyingi. Barua zako mbili zimefika siku moja. Nimemsomea mke wa fundi saa, tukalia, mapacha wakatusaidia.

Nilikuambia uache, ukanitii. Nawashukuru hao watoto ambao hawakutii mtu. Huyo wa miwani mwambie nimemshonea gauni, nikadirie kimo chake. Na mkaguzi mpe pole yangu, mwambie inatoka kwa mtu mzima aliyezika mama.

Sasa sikia. Barua yako ya Machi ilipofika, nilifungua chumba chako. Nikaanika godoro, nikatandika lile shuka la maua. Nilikusikitikia, Mungu ni shahidi, lakini nilikuwa natandika huku naimba. Umekulia hapa na mimi tangu ukiwa mdogo hata komeo la mlango hulifikii, na nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja na cherehani.

Leo nimelitandua shuka, nimelikunja, nimelirudisha sandukuni. Nimelia nikikunja, na nimeshukuru nikikunja, na vyote ni vya kweli. Kaa huko, mwanangu. Usirudi kwa ajili yangu. Radhi yangu unayo yote.

Shangazi yako, na mama yako