Niite Mara Mbili

Songo, Uvira, 3 Juni 1954

Mdogo wangu Sévère,

Salamu nyingi. Hujambo huko Ruzizi? Homa imekuacha? Mimi mwili upo, ila meno mawili hayapo. Mume wangu Gaspard amenipiga kwa mchi wa kutwangia sombe, eti mboga hiyo ya majani ya muhogo ilichelewa. Safari hii ameapa mbele ya jirani yangu Domitille: «Mara ingine miye nitamukata.» Panga amelinoa, nimeona kwa macho yangu.

Nataka kuja kukaa katika jiti unayoilinda, hiyo nyumba ya kulala wapita njia, hadi baba ashuke kutoka Mulenge anichukue. Najua watu wanaiogopa kwa sababu ya askari waliokufa hapo katika vita ya Wadachi. Mzimu bado hajanipiga hata kofi moja. Nijibu upesi.

Yaya yako,
Apolline

Jiti ya Ruzizi, 9 Juni 1954

Dada yangu mkubwa, yaya Apolline,

Pole, pole sana. Homa imepoa, lakini barua yako imenitia hasira. Njoo. Chumba cha nyuma ni kitupu, wazungu hawapiti mwezi huu.

Jambo moja ulishike. Hapa mizimu haisubiri usiku. Wadachi waliwavamia askari wetu saa sita mchana, wakiwa wanapika, wakawachinja kando ya masufuria. Hadi leo, saa hiyohiyo, tunasikia vishindo, na sauti inaita jina la mtu. Mwaka jana mpita njia mmoja aliitika, akafungua mlango. Tulimkuta anatapika damu, na jioni akafa. Mlinzi mwenzangu Bigirimana alinifundisha: «Muzimu anaita mara moja, muntu anaita mara mbili.» Kwa hiyo ukifika, niite mara mbili. Nitatoka mbio.

Mdogo wako,
Sévère

Hospitali, Uvira, 2 Julai 1954

Sévère,

Nakusalimu. Anayeandika ni Domitille, maana mkono wangu wa kulia umekatwa juu ya kiwiko. Barua yako ilifika Songo siku mbili baada ya mimi kukimbia. Ndiyo kwanza amenisomea.

Nilifika kwako saa sita, jua kichwani. Gaspard alikuwa amenifuata kwa baiskeli. Niliita «Sévère!» na kabla sijaita tena akanikaba koo. Alinikata mara nne mlangoni pako. Nilipiga ule mlango kwa miguu hadi nguvu zikaniisha. Wanawake waliokuwa wanachota maji ndio waliopiga kelele, akakimbia.

Sasa Gaspard anasema ni wezi walionikata, na wewe umewaambia polisi hukusikia kitu. Tribinali ya kumhukumu ni tarehe 20. Ulisikia au hukusikia?

Apolline

Jiti ya Ruzizi, 10 Julai 1954

Yaya wangu,

Naona haya hata kukuuliza hali. Nilisikia. Niliijua sauti yako palepale. Nikamwambia Bigirimana: «Huyu iko yaya yangu.» Akanishika shati: «Weye ngoja, aite tena.» Nikangoja. Nilisikia panga likiingia katika nyama, nikajiambia ni wale askari wanamaliza vita yao. Nilipochungulia dirishani nilimwona Gaspard, shati lote damu, anapanda baiskeli. Hata hapo sikufungua, hadi wanawake walipousukuma mlango.

Polisi waliponiuliza niliona aibu. Nikisema nilikusikia, nasema pia kwamba nilikaa ndani. Nitayasema yote tarehe 20, mbele yake na mbele ya baba. Najichukia, yaya.

Mdogo wako, kama bado wanikubali,
Sévère

Hospitali, Uvira, 16 Julai 1954

Mdogo wangu,

Homa imeshuka, ila kidonda kinanuka. Baba amefika. Ananilisha kwa kijiko.

Sijakusamehe, na usije na maneno marefu ya kuomba radhi. Njoo asubuhi mapema, uvae shati safi. Wameniambia benchi ni moja, Gaspard ataketi hapohapo pamoja nasi. Wewe ukae kulia kwangu, katikati yangu na yeye. Upande huo sina cha kujikingia.

Yaya yako,
Apolline