Fundi Okelo, Plasta Nimeibandua

Fundi Okelo,

Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari, na nusu yake itakuudhi. Kanisa letu la mawe bado limesimama. Naanza na hilo nisikutie presha bure. Lakini mwaka huu nusura libomolewe, na aliyekaribia kuliangusha ni mimi, Achieng, mwanafunzi wako kwa miaka tisa.

Ilikuwa hivi. Wiki chache baada ya kukuzika kwenu kisiwani Mfangano, Mama Rosa, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alinijia na wazo la kukuenzi. Waumini walikuwa wamekwishanunua simenti. Walitaka kanisa lipigwe plasta nje na ndani, lipakwe rangi nyeupe, ili kila anayepita kwenda soko la ng'ombe la Ogwedhi aulize kanisa lile zuri ni la nani. Wewe ulikuwa umenikataza waziwazi. "Nyar Suna," uliniita, binti wa Suna, "simenti kwa mawe haya ni kama kumvalisha mtu koti la plastiki juani." Nilikumbuka. Lakini msiba ulikuwa bado mbichi, watu walinitazama kama mrithi wako, na mimi nikapenda kutazamwa hivyo. Nikapiga plasta. Tena niliipiga vizuri, Fundi. Ungeisifu kwanza ndipo unitukane.

Sina hata kisingizio cha kutofundishwa. Siku yangu ya kwanza kazini hukunipa nyundo. Ulinizungusha kanisa zima mkono ukiwa ukutani. Ukaniambia mishonari aliyelianzisha aliwachorea babu zetu sakafu tu, kisha akapanda baiskeli akaenda zake, nao wakainua kuta kwa njia waliyoijua, ile ya ohinga, maboma ya mawe yaliyosimama kwenye vilima vyetu mamia ya miaka. Ukuta wa nje, ukuta wa ndani, katikati vijiwe vidogo vilivyoshindiliwa, na kila baada ya hatua mbili jiwe refu la kuzishika kuta zote mbili. Mahali pa simenti, udongo wa kichuguu. Na ule mlango mfupi! Mgeni wa dayosisi alipogonga paji la uso pale mlangoni, ulisema amebarikiwa kabla ya misa kuanza, ukacheka mpaka ukashuka kwenye ngazi.

Na wewe Msabato, ukihangaika na kanisa la Wakatoliki. Jumamosi ulikuwa kwenu ibadani, Jumapili nilikuwa kwetu, kazi ya siku sita tunaibana katika tano, halafu tukichelewa lawama ni zangu. Mchana nikikuletea samaki kutoka Suna, unamgeuzageuza kwenye sahani na kusema huyu amesafiri kuliko wewe. Unamla wote, lakini.

Basi mvua za Aprili zikaja. Maji yaliyokuwa yakiingia kwenye mawe na kutoka yenyewe yakakosa pa kutokea. "Achieng, ukuta inatoa jasho kama mtu anakimbia," Mama Rosa akaniambia baada ya misa. Rangi ikaota malengelenge. Kufikia mwezi wa tano ukuta wa magharibi ulikuwa umetoa tumbo, ukiegemea nje, na akina mama wakahamisha watoto wao kutoka benchi za upande ule. Kamati ikakaa. Wakasema nyumba ya babu imechoka, heri ivunjwe, lijengwe kanisa kubwa la matofali. Mkaguzi wa majengo angekuja baada ya mwezi mmoja. Akisema ni hatari, linaanguka.

Nilijua kosa liko wapi na nilinyamaza wiki nzima. Niliogopa. Ni nani atampa kazi fundi aliyeharibu nyumba ya Mungu, tena fundi mwanamke, ambaye wengine walikuwa wakingoja tu akosee? Nikuambie ukweli, nilikukasirikia kwa kufa. Nilikaa nyuma ya ukuta ule nikalia, nikakusema kwa maneno ambayo padri hajui kwamba nayajua.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama. Nikawaambia nyumba haijachoka, imezibwa pumzi, na mkono ulioiziba ni wangu, na kwamba wewe ulikuwa umenionya. Nikaomba wanipe siku zilizobaki. Nikatamani paa linifunike. Mama Rosa ndiye aliyesimama. "Simenti tulileta sisi," akasema. "Kesho nakuja na patasi."

Akaja kweli, Fundi, na leso kichwani, na nusu ya kwaya nyuma yake. Tulibandua plasta kuanzia asubuhi mpaka jua lichoke, wakiimba, vumbi likiwafanya wote wazee wa mvi. Punda walileta udongo wa kichuguu. Lile tumbo la magharibi tulilifungua jiwe kwa jiwe, nikiandika namba kwa mkaa ili kila moja lirudi kwake. Nikaona ndani kazi ya wale babu, vijiwe vimepangwa vizuri hata mahali ambapo hakuna jicho lingewahi kufika. Nilitamani sana uwe pale. Kuna jiwe moja refu lililokataa kukaa. Nililigonga, likakataa. Nikalisukuma, likakataa. Nikakusikia ukisema, "Usilipige, ligeuze." Nikaligeuza mara nne. Lilipokaa, nilishuka chini nikalia tena kidogo, na Mama Rosa akajifanya anatafuta ndoo.

Mkaguzi alifika tukiwa tumemaliza na siku mbili za ziada. Kijana mwenye viatu visafi, nilimwogopa kuliko mvua. Alilizunguka kanisa mara mbili. Akatundika timazi yake ukuta wa magharibi, uzi ukashuka sawasawa kutoka juu mpaka chini. Akagusa mawe, yalikuwa makavu. Akasema kanisa libaki, ila lazima awepo mtu wa kulitunza ambaye jina lake litaandikwa kwenye ripoti. Akatoa kalamu. "Fundi wa hii kanisa ni nani?"

Miaka tisa, swali hilo nimelijibu kwa jina lako. Hata baada ya mazishi, mtu akiniuliza hapo barabarani, nasema ni Okelo. Siku hiyo pia nilikuwa nalo mdomoni. Nikaona Mama Rosa ananitazama mimi, na kwaya yote, na hakuna aliyekuwa akingoja nitaje mtu mwingine. Nikampa mkaguzi majina yangu matatu, nikayaendeleza herufi kwa herufi. Akayaandika kwenye ripoti.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Wanaotaka kanisa kubwa watalijenga ng'ambo ya uwanja, nami nimeahidiwa kazi hapo. Wiki ijayo nitapita kwenu kumsalimu mkeo na kumsimulia haya yote, pamoja na lile la kukutukana, maana najua atacheka.

Pumzika sasa, Fundi wangu. Kila mwaka kabla ya mvua nitalizunguka kanisa na udongo mbichi, na sitalifunika tena ili nisifiwe. Nakuahidi. Usiamke kuuwazia ukuta wa magharibi. Huo sasa ni wangu.

Achieng