Nafasi ya Bibi chini ya sakafu

Jumatano, Novemba. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Joto la Bariadi leo halina adabu. Niko internet café karibu na stendi, kompyuta inasuasua, na mimi sina raha hata kidogo.

Nianze na kanisa la Waswidi, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Usharika wetu wa kule Dutwa una marafiki Sweden, na mwezi ujao wanakuja kututembelea. Mchungaji alinipa kijitabu cha Kiingereza chenye historia ya kanisa lao nikitafsiri, kisomwe ibadani. Mimi mwalimu, kazi za namna hiyo huwa zinaniangukia. Ni kanisa la mjini, la zamani hasa. Palianza kuwa nyumba ya watawa, mfalme akaibomoa, likajengwa kanisa, moto ukaliteketeza, wakajenga tena. Na chini ya sakafu yake wamelala watu. Familia zenye uwezo zilijitayarishia vyumba vya matofali huko chini zingali hai, na Jumapili ziliimba juu ya babu zao. Baadaye kuzika humo kukapigwa marufuku kwa sababu ya harufu na magonjwa. Siku hizi wanaosali humo ni wachache, wanaokuja kupiga picha ndio wengi.

Mchungaji alisoma yote isipokuwa hayo ya mwisho. Alisema muda umekwisha.

Kanisa letu ni dogo, lazima lipanuliwe. Upande mmoja kuna barabara. Upande wa pili palikuwa na ghala la ushirika, lakini biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji, ghala likauzwa, na mwenyewe mpya kajenga ukuta mpaka dirishani kwetu. Umebaki upande wa madhabahu. Huko amelala guku, babu yangu, ambaye ndiye aliyetoa kiwanja.

Baba mdogo Masanja ni mzee wa kanisa. Akasimama akasema, mbona wenzetu wanasali juu ya wafu wao na hawajadhurika? Watu wakapiga makofi.

Hakuna aliyemuuliza Bibi.

Bibi alishachagua mahali pake siku ile ile walipomzika mumewe: ubavuni mwake. Nilipomweleza mambo ya sakafu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, zege linamwagwa lini. Nikamwambia ni karibuni. Tangu siku hiyo akaacha kula.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa anawahi. Akagawa kuku wake, akafua kitenge chake kizuri na kukikunja chini ya mto.

"Mkishamwaga zege, Minza, mimi mtanilaza wapi?"

Jamani! Nililia mpaka yeye ndiye akanibembeleza.

Nikamwendea Baba mdogo. Nilipiga goti, nikamwamkia, "Mwadila, baba," na heshima yangu ikaishia hapo. Nilimwambia mama yako anakufa kwa ajili ya sakafu. Akasema saruji ikikaa itaganda, na wageni wako njiani. Nikasema basi acheni kipande cha udongo mtupu ubavuni mwa guku, hata kikiwa mbele ya madhabahu. Ni mama yake, hata hivyo. Akakubali.

Jioni hiyo Bibi akanywa uji, nami nikamshukuru Mungu.

Leo asubuhi alitaka kwenda kuona. Nilimkalisha nyuma ya baiskeli, nikaisukuma polepole. Fundi Shija alitupokea anacheka. Naye alikuwepo ibadani siku ya ile historia, akaielewa kwa namna yake. Zege lilishamwagwa kote, na pale nilipoomba udongo uachwe palikuwa na shimo. Kaburi kamili! Kachimba mpaka chini, kajengea matofali, kapiga na plasta, kama la matajiri wa Sweden.

"Haya mayu, mama yetu, chumba chako tayari."

Maskini, alidhani anamheshimu.

Kwetu kaburi halichimbwi kabla ya msiba. Linachimbwa siku ya kuzika na linafukiwa siku hiyo hiyo. Shimo likilala wazi linaita mtu, ndivyo tulivyolelewa, na mimi na diploma yangu bado naamini. Hili lilikuwa wazi tangu juzi.

Baba mdogo alikuwa kasimama upande wa pili, kofia mkononi. Nikamwambia fundi alifukie sasa hivi. Bibi akanizuia. Kaburi halifukiwi tupu, alisema. Akalitazama tena, akamtazama na mwanawe, kisha akasema taratibu, "Hilo si langu. Mimi niliomba udongo. Hilo lina mwenyewe."

Akaomba arudishwe nyumbani.

Shimo limefunikwa kwa mbao, na Jumapili tunasali humo. Zamu ya kusoma neno ni ya Baba mdogo, na atasimama hatua chache tu kutoka pale. Nimemsihi asiende. Anasema mzee wa kanisa haogopi mbao. Lakini mchana tulipoketi kula alinawa mikono, akakaa nayo mapajani, hakugusa hata tonge.

Aliyekula ni Bibi. Sahani nzima ya ugali na mlenda, akaongezewa, akala tena. Alikuwa anakula na machozi yanamtoka. Nikadhani amefurahi, nikamuuliza.

"Kula na wewe, Minza," akasema. "Msiba unataka nguvu."