Mahema Yaliyosimama Kimya

Papa,

Wageni wamekuja. Ni wa kwanza tangu tulipokuzika, baba yangu, hapa nyuma ya zizi, na nimeona nikusimulie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine huko uliko. Watu wetu hata wakifa hawaachi kupeleka habari.

Alikuwa mwalimu mmoja wa Goma, na mke wake, na binti zao wawili. Walitaka yale waliyotaka wageni wako wote: maziwa ya asubuhi, jibini, hewa ya huku kwetu Mushaki, na kulala ndani ya hema juu ya kilima chetu. Nilifurahi, Papa. Mahema yako mawili nilikuwa nimeyaanika na kushona pale panya walipotoboa. Jioni ilikaribia na mvua ilitishia, kwa hiyo tuliyasimamisha haraka haraka. Hakuna aliyesema neno, kila mtu alishika kamba yake.

Nilikuwa sijamaliza kupiga kigingi cha mwisho nilipotazama chini, upande wa barabara ya Sake. Watu walikuwa wanakimbia. Magodoro kichwani, mbuzi, watoto mgongoni. Unajua sisi huku hatuulizi. Ukiona jirani anakimbia, unakimbia, maswali utayakuta mbele ya safari. Nikamwambia mwalimu, "Beba batoto, acha yote!" Mke wake alitoka na kiatu kimoja. Nikamfunga mwanangu Neema mgongoni, nikapita mbele ya kaburi lako bila hata kugeuza kichwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tuliwafikia majirani pale barabara inapopinda. Mama Sifa, yule jirani yetu wa chini, alikuwa amemkumbatia mjukuu wake aliyezaliwa juma lile, hata jina hajapewa. Nikamshika mkono, nikamuuliza tunakimbia nini. Akanitazama kama mtu aliyeona mwendawazimu. "Hauone mahema kule juu? Benye bunduki banashafika!"

Nikageuka. Yalikuwa mawili, pale juu, kimya. Mahema yako, Papa. Sisi wenyewe tuliyasimamisha, na sisi wenyewe tulikuwa tunayakimbia.

Nikapiga kelele, "Ile mahema iko ya bageni! Iko yangu!" Hakuna aliyecheka. Mama Sifa aliketi kwenye matope, akamgeukia mwalimu: "Weye uko na nyumba ya mabati Goma, unakuya kulala mu hema juu ya nini?" Mama Sifa mwenyewe aliwahi kulala chini ya hema kule Lushebere, kambi ya wakimbizi, mvua na jua, bila kupenda. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia polepole, "Papa yako alikuwa anatuimbia."

Papa! Miaka yote nilidhani ni uchangamfu wako tu. "Hapa hatusimamishe hema na kinywa kufunga," uliwaambia wageni, na hata asiyejua wimbo mmoja wa kanisa ulimlazimisha. Ukaanzisha wewe, kwa sauti yako ile ya ng'ombe anayeita ndama, nami nikaona haya nikajificha jikoni. Kumbe ulikuwa unawaambia watu wa chini: tulieni, ni mimi. Mbona hukunieleza? Nimekukasirikia, halafu nimelia.

Mama Sifa alikataa kurudi na mtoto mpaka asikie. Basi tukapanda tena, tukasimama mbele ya mahema, tukaimba. Binti za mwalimu wana sauti nzuri. Mimi nimerithi koo lako, pole kwao waliosikia. Tuliimba mpaka tukaona moshi unatoka jikoni kwa Mama Sifa. Asubuhi mke wa mwalimu aliyasifu maziwa, akanikumbatia kwa muda mrefu, na hakusema kama watarudi.

Lakini woga haujanitoka. Kila jioni natazama vilima vya ng'ambo nikitafuta rangi ya hema, na nikiikosa ndipo nabandika sufuria. Siku moja yanaweza kusimama mahema ambayo si yangu, na ndani yake asiwepo wa kuimba. Siku hiyo nitambeba Neema, nitampitia Mama Sifa na mjukuu wake, na sitapata nafasi ya kusimama kwako. Ndiyo sababu nakuaga leo, nafasi ikiwepo. Nimeng'oa majani yaliyoota juu yako. Kwaheri, Papa. Asante kwa kila wimbo.

Jumamosi wanakuja wageni wengine. Nakuahidi nitaimba kabla ya kigingi cha kwanza, kwa nguvu, mpaka hata wewe usikie. Na Jumamosi yoyote usiponisikia, usitungoje. Ujue tumekimbia.

Binti yako,
Furaha