Nani Aliyeitika, Bibi?

Mpendwa Bibi,

Wewe hukuwahi kugusa kompyuta, kwa hiyo nitaeleza taratibu, labda na mimi nielewe.

Ofisini Kyela nilipewa kazi ya kuweka programu ndogo ndani ya kompyuta za matawi ya chama chetu cha wakulima. Kila moja huijulisha seva yetu, yaani kompyuta kuu ya ofisi: nipo, ninafanya kazi. Niliiweka kwenye ya Njisi, nikaipa jina, kisha nikanakili kila kitu kwenye ya Ipinda. Jina nalo likanakiliwa. Sikuliona.

Ya Ipinda ikafa, pamoja na orodha ya wakulima walioomba miche ya kakao. Ya Njisi ikaendelea kuitika kwa jina lile lile, na kwenye skrini yangu pakawa kijani tu, kana kwamba zote mbili ni hai.

Leo mkuu amemgeukia Ambakisye, karani wa Ipinda. "Unasema ilikufa wiki iliyopita? Mfumo unaonyesha jana ilikuwa hai. Umeiharibu wewe, kuficha uvivu."

"Mzee, hata feni yake haizunguki! Huo mfumo umeongea na nani?"

Kesho anaandikiwa barua ya kuachishwa kazi. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Unakumbuka kule kijijini Ikombe, kando ya ziwa, Bibi? Tulikuwa Tumaini wawili, mimi na binamu yangu, wote tumerithi jina la mama yako. Ulikuwa unakanda udongo ukaita, "Tumaini!" Nikaitika "Abee!" nyuma ya nyumba, ukaendelea kukanda. Kumbe mwenzangu alikuwa ndani ya mtumbwi uliofunguka, anapelekwa na maji. Wavuvi waliporudi naye, ulikuwa umeshika kichwa, udongo umekujaa usoni. "Mbona uliitika wewe?"

"Si uliniita, Bibi?"

Ulicheka, halafu ukalia. Tangu siku ile ukatuita kwa majina ya mama zetu.

Jioni hii nimejaribu majina mapya ya kompyuta. Nikitumia la tawi, kompyuta ikihamishwa je? La karani? Karani naye huondoka. Namba? Nani atakumbuka ya nne ni ipi? Nimeandika, nimefuta. Sijui kama ninatafuta majina au ninakwepa kufika kesho. Nikisema, labda barua ile itakuwa yangu. Nisiposema, Ambakisye anazama na mimi niko nyuma ya nyumba, salama.

Ndaga, asante Bibi, kwa kunitofautisha. Asubuhi, kabla ya kuandika barua, mkuu atauliza tena kosa ni la nani. Safari hii ninayeitwa ni mimi kweli. Nitaitika.

Mjukuu wako,
Tumaini wa Mama Neema